Je, Ni Halali Kuukata Wimbo?

Katika kwaya yetu kumezuka ubishi, na kwa kuwa umekwisha kutoka chumba cha muziki ukaingia bwalo la chakula, naona afadhali niuandike hapa kuliko kuuacha uzungushwe na watu ambao hawakuwapo. Nawaomba wasomaji, hasa wanafunzi wa zamani ambao ndio watakaoombwa kuinunua kazi yenyewe, wanivumilie kidogo, maana mimi ndiye niliyeshika kisu.

Mambo yalikuwa hivi. Muhula uliopita kwaya iliazimia kurekodi nyimbo tisa na kuziuza siku ya kufunga shule, ili tupate fedha za kuezeka upya paa la bwalo. Hapa Kafutuma hakuna studio. Tuliazima vipaza sauti vinne na kompyuta moja yenye programu iitwayo Audacity, ambayo hailipiwi kitu, tukaingia kanisani usiku. Mchana haiwezekani kabisa: upepo wa ziwa hupiga mabati, na injini za mashua hazinyamazi. Usiku wavuvi wa chisense huwa mbali na taa zao, na mtu aweza kusikia hata kurasa za kitabu cha nyimbo zikifunguliwa.

Nyimbo nane ni za kanisa, na hizo hazikumkosanisha mtu na mwenzake. Ubishi wote ni juu ya wimbo wa tano. Huo ni wimbo wa kuvuta mashua kutoka majini hadi mchangani, nao tulifundishwa na mzee mmoja mvuvi ambaye sisi humwita Bashikulu, kama ipasavyo vijana wa huku kumwita mzee wa umri ule. Yeye mwenyewe ndiye aliyeimbisha, nasi tukaitikia. Kiitikio kinarudi mara nane.

Kwanza nieleze kazi ya kukata na kupanga, kwa maana nimegundua kwamba wengi wabishao hawajapata kuiona. Sauti ikiingia katika kompyuta hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kuwa namba. Programu huzichora namba hizo katika kioo kama mawimbi madogo na makubwa: mahali penye ukimya huwa kama uzi ulionyoka, na mahali penye sauti kubwa huwa kama mgongo wa samaki. Kila kipaza sauti kina mstari wake. Sisi tulikuwa na mistari minne, yaani wa Bashikulu, wa sauti nyembamba, wa sauti nene, na wa ngoma. Katika mstari waweza kuchagua sehemu na kuitenga na nyingine, na sehemu hiyo ndiyo tunayoiita kipande. Kipande chaweza kusogezwa mbele au nyuma, kufupishwa mwanzoni au mwishoni, kugawanywa mara mbili, kunakiliwa na kubandikwa pengine mara nyingi upendavyo. Kupanga wimbo ni kuvipanga vipande hivyo, si zaidi.

Jambo moja liliniajabisha nilipoanza. Katika programu nyingi za siku hizi kisu hakikati! Kipande si sauti yenyewe, ni agizo tu, kana kwamba umeiambia kompyuta, "Piga rekodi ile tangu sekunde ya 12 hadi ya 19." Ukikifupisha, sauti iliyobaki haikupotea, imejificha nyuma ya ukingo, ushike ukingo uuvute, nayo yarudi. Audacity ilianza kuruhusu hivyo mwaka 2021. Hapo kale haikuwa hivyo. Waliokuwa wakirekodi katika utepe wa sumaku waliukata kwa wembe na kuuunga kwa gundi, na aliyekata vibaya alipata hasara yake papo hapo. Nadhani woga ule ulikuwa mwalimu mzuri, nasi tumeukosa.

Kuunga vipande viwili kuna adabu yake. Ukikata mahali popote tu, pale penye kiungo utasikia mlio mdogo kama kijiti kinachovunjika. Sababu ni kwamba wimbi la kwanza limekatwa likiwa juu, na la pili linaanza likiwa chini, basi spika inalazimika kuruka kwa ghafula. Dawa yake ni kukata pale wimbi lipitapo katika mstari wa kati, au kuvilaza vile vipande viwili kimoja juu ya kingine kidogo, cha kwanza kikififia huku cha pili kikipanda, kama watu wawili wapokezanavyo mzigo mmoja bila kuutua. Tena mtu asisahau mistari mingine. Katika wimbo wa pili niliondoa kishindo cha benchi lililoanguka, sekunde mbili hivi, lakini niliuondoa katika mstari mmoja tu. Tangu hapo mpaka mwisho sauti nyembamba zikawa zimetangulia wenzao sekunde mbili. Nilisikiliza kwa mshangao mkubwa, nikidhani kompyuta imeugua, kumbe mgonjwa ni mimi.

Sasa wimbo wa tano. Niliporudi kuusikiliza, niliona kwamba kiitikio cha pili kilikuwa safi kuliko vyote. Sauti zilikaa pamoja, hapana aliyechelewa, hapana aliyepotoka. Viitikio vingine vilikuwa na madoa madoa. Nikajiambia, kwa nini tuwape watu madoa? Nikakinakili kiitikio cha pili, nikakibandika badala ya vile saba vingine. Kisha nikawasha gridi, yaani mistari ya kusimama ambayo programu huichora kwa umbali ulio sawa kufuata kasi uliyoichagua, nikavifanya vipande vyote vianzie penye mistari hiyo. Kazi ilinichukua Jumamosi moja tu. Wenzangu waliposikia walipiga makofi, na mmoja akasema tumekuwa kama kwaya ya redioni.

Bashikulu tulimsikilizisha Jumapili baada ya ibada. Alikaa kimya mpaka mwisho, akashukuru, akasema sauti inasikika vizuri sana. Kisha akauliza, "Na mashua mmeiacha wapi?"

Tulicheka, tukidhani ni mzaha wa wazee. Nilikwenda kulala nikicheka, na usiku nikaacha kucheka. Asubuhi nilifungua rekodi ya kwanza, ile isiyoguswa, nikapima viitikio kimoja kimoja. Cha kwanza kilichukua sekunde 11. Cha tano kilichukua 9. Cha nane kilikaribia 12. Mtu yeyote aliyepata kuishika mashua nzito anajua sababu. Mwanzoni imenata, watu wanavuta kwa taratibu. Ikishapanda juu ya magogo inakwenda, na wimbo unakwenda nayo. Halafu kuna mwinuko wa mchanga, na hapo kila neno lina uzito wake, mpaka inapotua mahali pake. Sisi kanisani hatukuwa na mashua, lakini Bashikulu aliyekuwa akituimbisha alikuwa nayo kichwani, naye alikuwa akituvuta kwa kasi yake bila sisi kujua. Mimi nikabandika mvuto wa pili mara nane. Mashua ilikuwa bado imo majini.

Kulikuwa na kosa jingine, nalo hakulisema mtu. Wavulana wawili wa darasa la kumi, ambao sauti zao zinavunjika sasa na kwa hiyo haziaminiki sana, hawakuimba kiitikio cha pili. Usiku ule umeme ulififia kidogo wakati Bashikulu anaanza ubeti, nao walipiga hatua mbili nyuma kuwasha taa ya akiba, wakarudi katika kiitikio cha tatu. Ndiyo maana kiitikio cha pili kilikuwa safi. Kwa hiyo nilipokibandika mara nane, niliwatoa wale wawili katika wimbo wote, na majina yao yameandikwa katika orodha ya waimbaji. Mmoja wao mama yake yuko Kilwa, ile Kilwa ya ng'ambo yetu katika Kongo, naye alikwisha kumpelekea habari kwamba atamsikia. Nilimwona bwenini ameweka sikio karibu na spika, anausikiliza wimbo wa tano mara ya tatu. Halafu akanirudishia simu, akasema asante.

Basi nimeyaeleza ya kwangu, na sasa niseme maoni, maana ndiyo niliyoombwa na Mhariri.

Wako wasemao kwamba ukataji wote ni uongo. Mwanafunzi mmoja wa zamani alitutembelea akasema kwamba rekodi ya kweli ni ile iliyoachwa kama ilivyotoka kinywani, na kwamba katika siku zake hapakuwa na mambo haya. Namheshimu, lakini sikubali. Hata rekodi za kale zilipangwa. Sahani za santuri za inchi kumi zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilichukua kama dakika tatu tu kila upande, na wimbo wa kijijini uliozoea kuimbwa mpaka watu wachoke ulipaswa kukatwa na waimbaji wenyewe kabla haujarekodiwa. Huo nao ni mkasi. Hata kuchagua mahali pa kuweka kipaza sauti, karibu na ngoma au karibu na mzee, ni kuamua nani asikike. Tena Mhariri wa gazeti hili hukata barua zetu kila toleo, na hatumwiti mwongo. Humwita mkali tu. Kikohozi changu katika wimbo wa saba hakikuwa sehemu ya wimbo, wala sidhani kuna mnunuzi atakayedai arudishiwe.

Wengine, na hawa ndio wengi katika kwaya, husema, "Kama wakubwa wa dunia hukata na kuunga, sisi wa Kafutuma tutaona haya gani?" Hoja hii ina nguvu, na wanaoisema wana mifano. Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, aliacha kabisa kupiga mbele ya watu mwaka 1964, akajifungia studio, na mwaka 1966 akaandika kutetea kuunga utepe. Alisimulia jinsi alivyorekodi kipande kimoja cha Bach, cha namna iitwayo fyuga. Baada ya majaribio mengi mawili yalifaa, la 6 na la 8. Kila moja halikuwa na kosa, lakini kila moja likiachwa peke yake lilichosha, kwa kuwa lilikuwa na tabia moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Akayaunga, akalitumia moja mwanzoni na mwishoni na jingine katikati. Vivyo hivyo wale vijana wa Kiingereza, The Beatles, katika wimbo wao Strawberry Fields Forever walioufanya mwaka 1966. Waliyapenda majaribio mawili, la 7 na la 26, ambayo hayakulingana kasi wala ufunguo wa sauti. Mafundi wakabadili mwendo wa utepe mpaka yakakaribiana, wakayaunga kama dakika moja baada ya wimbo kuanza.

Nawaomba wenzangu waitazame mifano hiyo kwa makini kabla ya kunirushia. Gould aliunga ili kuondoa uchovu wa tabia moja. The Beatles waliunga vitu viwili visivyofanana, na wimbo ukaingia mahali pengine. Mimi nilichukua vitu vinane visivyofanana nikavifanya kimoja. Kisu ni kilekile, lakini sisi tulikwenda njia nyingine kabisa.

Tena kuna hii gridi. Naipenda, siwezi kukana; ukiiona mara ya kwanza unajiona umekuwa fundi. Lakini mtu aliyeishi katika nchi hii hii yetu alikwisha kutuonya juu yake kabla haijatengenezwa. Namsema padre A. M. Jones, mmisionari wa Kiingereza aliyefundisha Mapanza, kusini mwa nchi, na ambaye mwaka 1959 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya muziki wa Afrika. Padre huyu alichoka kubahatisha kwa sikio, akatengeneza chombo chenye karatasi inayopita, ambacho kila mpigaji akigonga kiliweka alama katika mstari wake. Kwa kweli kilikuwa jamaa wa mistari yetu ya Audacity. Alipozisoma alama aliona kwamba wapigaji hawaanzi pamoja, na kwamba pigo kubwa la huyu huangukia mahali pengine kabisa kuliko pigo kubwa la yule, na utamu wote umo katika kupishana huko. Wanafunzi wa muziki wamebishana naye katika mengi tangu hapo, lakini alama zile ziliandikwa na ngoma zenyewe. Gridi hutoa mstari mmoja wa kusimama kwa watu wote. Ukimvuta kila mtu ausimamie, umeondoa kupishana, na kilichobaki ni watu wanaogonga meza.

Nilijaribu jambo hili mahali pengine ili nisije nikalaumu gridi kwa kosa langu. Jamaa zetu wa upande wa Katanga wanamjua Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Ni mtu mmoja na gitaa moja, na wengi wakimsikia mara ya kwanza hudhani ni wawili. Niliuweka wimbo wake Masanga katika programu, nikachagua kasi iliyoelekea kumfaa, nikawasha gridi. Mistari ilianza pamoja naye, ikatembea naye kidogo, kisha ikaachana na vidole vyake. Sikudhubutu kumsogeza. Sijui kwa nini nilimstahi yeye ambaye simjui kuliko Bashikulu ambaye tunamwazima kiti.

Lakini sababu iliyonigeuza hasa ni ya ufundi, wala si ya hisani. Katika wimbo wa tano Bashikulu haangoji tumalize. Anaingia na ubeti mpya juu ya neno letu la mwisho. Vipaza sauti vyote vinne vilikuwa katika kanisa moja, na kila kimoja kilisikia wote. Katika mstari wa sauti nyembamba yumo yeye pia, mdogo, kwa mbali. Niliposogeza kipande cha waitikiaji kidogo tu ili kikae penye gridi, kivuli cha Bashikulu kilichomo ndani yake kikasogea nacho, huku Bashikulu mwenyewe katika mstari wake amebaki mahali pake. Matokeo yake akaanza kila ubeti mara mbili, kama mtu anayeita bondeni. Ili kuificha aibu hiyo nikakata mikia ya viitikio vyote, ili wetu uishe kabisa ndipo wake uanze. Hapo tukawa kama watu wawili wenye adabu waliokutana mlangoni, huyu anasema tangulia, na yule anasema tangulia wewe. Hakuna mashua inayovutwa namna hiyo. Walioimba pamoja hawatengani bila jeraha, na hili nalisema kwa maana ya vipaza sauti tu, kabla hatujafika katika mambo mengine.

Wako watakaoniuliza: mbona nyimbo za studio za Lusaka zimejengwa kwa vipande vinavyorudi vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, na watu wanazicheza? Ndiyo, nami nazicheza. Mpangaji amechukua mapigo manne akayarudia, na msikilizaji anajua, wala hakuna aliyedai kwamba watu arobaini walisimama mahali wakayapiga. Kurudiarudia huko kuna ufundi wake, na siku moja ningependa kuujifunza. Kosa letu ni kwamba tuliandika majina ya waimbaji ishirini na sita chini ya jambo ambalo wale ishirini na sita hawakulifanya.

Sasa nimeurudisha wimbo wa tano kama ulivyokuwa, na haikuwa taabu, kwa kuwa kama nilivyosema kisu hakikukata. Nimeshika kanuni chache mpya. Kelele isiyo ya wimbo naiondoa katika mistari yote minne kwa pamoja. Gridi nimeizima. Mahali anapotulalia Bashikulu sipagusi. Na pale tulipoharibika kweli, kama kiitikio cha nne ambapo ngoma ilianguka chini, nimechukua kiitikio cha nne cha usiku wa pili, kwa maana tuliurekodi wimbo huo siku mbili. Najua kuna atakayesema kwamba hata hilo halikutokea. Ni kweli halikutokea usiku ule. Lakini kiliimbwa baada ya mwito uleule, na watu walewale waliokwisha kuvuta mara tatu, nacho kimekaa vizuri mahali pake. Nilikipima, kikapungua cha kwanza kwa sekunde moja na nusu. Kukitoa cha pili nikakipeleka mahali pa nne nisingeweza tena, hata nikiona kwamba ni kizuri zaidi.

Si rekodi safi. Katika kiitikio cha sita mmoja wa wale wavulana wawili anapanda juu kwa sauti ambayo hakuikusudia, na anashuka kwa aibu inayosikika. Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye ana haki ya kuamua na bado ametuachia uhuru, alitabasamu na kusema mnunuzi hatalipa kwacha zake kusikia hivyo. Yamkini. Wenzangu wengi wanataka ile ya kwanza, iliyonyooka, na wamenikumbusha kwamba bwalo linavuja mvua ikinyesha na kwamba rekodi mbaya haitanunua hata bati moja. Hoja hiyo siidharau, kwa kuwa nami hula katika bwalo hilo. Ila nadhani wanafunzi wa zamani watanunua ili wasikie shule yao, na shule yao haijapata kunyooka namna ile.

Kura itapigwa Jumamosi hii, na wavulana wote wawili wanayo. Nimezihifadhi kazi zote mbili, na nitaitoa ile itakayochaguliwa bila kununa. Ikiwa nitashindwa, nimemwomba Mwalimu jambo moja, na nimelileta hapa ili liwe hadharani: katika karatasi ya jalada, chini ya wimbo wa tano, yaandikwe majina ishirini na nne badala ya ishirini na sita, na mbele yake yaandikwe kwa herufi ndogo maneno haya, "Kiitikio kiliimbwa mara moja, kikanakiliwa mara saba." Mwalimu amesema atafikiri.